Mikato Isiyo ya Kawaida ya Vito: Kutambua Dalili, Kutafuta Chanzo na Kurekebisha

Mkato wa duara wa kawaida umejaribiwa kwa vizazi vingi, na pembe zake zinajulikana kwa karibu kila aina ya kito. Anayeharibu jiwe kwa mkato huo huona haraka alikokosea. Hali ni tofauti anapoamua kukata kwa mtindo wa drafti wenye miraba midogo juu ya taji, mkato wa Barion uliobuniwa na Basil Watermeyer wa Afrika Kusini mwaka 1971, mkato wa Kireno wenye safu nyingi za faseti, faseti za mbonyeo, au mkato wa fantasia unaochongwa kwa mifereji upande wa chini. Katika mikato hiyo dalili moja inaweza kuletwa na vyanzo vinne au vitano, na mara nyingi kasoro inayoonekana wakati wa kung'arisha ilizaliwa mapema zaidi, siku mchoro ulipochaguliwa bila kuliuliza jiwe lenyewe kama linaufaa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na dalili na kurudi nyuma hadi kwenye uamuzi uliozileta.

Maneno yanayotumika hapa ni haya: faseti ni uso bapa, au wenye mbonyeo, unaochongwa kwenye kito, meza ni faseti kubwa ya juu kabisa, taji ni sehemu yote iliyo juu ya kiuno, yaani ukingo unaolizunguka jiwe mahali palipo papana zaidi, na kitako ni sehemu iliyo chini ya kiuno, ambayo kazi yake ni kuurudisha mwanga kwa mtazamaji. Pembe zote zimepimwa kutoka usawa wa kiuno.

Uchunguzi kabla ya kuwasha mashine

Jiwe lisafishwe kwanza kwa spiriti, kwa maana mafuta ya vidole kwenye kitako hufanya hata mkato mzuri uonekane umekufa. Kisha liwekwe juu ya kitambaa chekundu, meza ikitazama juu, na litazamwe wima kutoka juu. Njia ya zamani ya kuweka jiwe juu ya maandishi inafaa kwa taji lenye meza pana, lakini kwa mkato wa drafti inadanganya: miraba ya taji huvunjavunja herufi kiasi kwamba hazisomeki, na mkataji hujiridhisha kuwa mwanga hauvuji ilhali unavuja. Rangi nyekundu haifichiki. Popote inapoonekana ndani ya jiwe, mwanga unapita chini bila kurudi.

Baada ya hapo jiwe liinamishwe polepole chini ya taa moja, na mwisho lichunguzwe kwa kioo cha kukuza mara 10, mwanga ukiangukia faseti kwa mshazari ili mng'ao wa uso ujitenge na kinachoonekana ndani. Upana na kina vipimwe kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipimo vidogo, na kuandikwa. Bila namba hizo mbili, mazungumzo yote ya pembe yanabaki kubahatisha.

Dalili: katikati ya jiwe ni tupu

Utupu wa katikati unamaanisha kwamba faseti za kitako zimelala kuliko pembe ya ukomo ya madini husika, yaani mwinamo ambao chini yake mwanga hupenya kitako na kutoka badala ya kurudi juu. Kwatzi, ikiwemo ametisti, ina pembe ya ukomo ya takriban nyuzi 40.5, akwamarini na zumaridi nyuzi 39.4, tomalini 38, tanzanaiti 36.3, spineli 35.6; tsavoraiti 35; na safaya na rubi 34.5. Mchoro uliotungwa kwa ajili ya safaya, wenye kitako cha nyuzi 39, utafanya kazi kwenye spineli ya Mahenge, lakini ukipelekwa kwenye ametisti utatoa kioo cha dirisha. Hiki ndicho chanzo cha kwanza cha kutafuta, kwa sababu michoro ya mikato ya ajabu husambazwa kutoka mkono hadi mkono, na mara nyingi jina la madini iliyokusudiwa hupotea njiani.

Kuzidi pembe ya ukomo kwa nusu nyuzi hakutoshi. Ametisti yenye kitako cha nyuzi 41 itang'aa ikitazamwa wima kabisa, na itafunguka mara tu mvaaji anapogeuza mkono. Nyuzi 43 ndiyo sehemu salama ya kuanzia kwa kwatzi; kwa safaya na spineli wakataji wengi huanzia kati ya 40 na 42. Anayehamisha mchoro kutoka madini moja kwenda nyingine asiongeze au kupunguza nyuzi sawa kwa kila faseti, kwa sababu mikutano ya pembe itavurugika. Kanuni ni kuzidisha tanjenti. Mchoro wa kwatzi wenye kitako cha nyuzi 43 ukihamishiwa safaya kwa nyuzi 41, uwiano wa tanjenti ni 0.932, na tanjenti ya kila faseti nyingine ya kitako huzidishwa kwa uwiano huo huo. Taji lina uwiano wake wa peke yake. Likipewa huo huo wa 0.932, faseti yake ya nyuzi 35 itakuwa nyuzi 33.1. Programu kama GemCad hufanya hesabu hii kwa kitufe kimoja, lakini ni vizuri mkataji aielewe ili ajue anachokubali.

Marekebisho yana gharama, na gharama hiyo ikokotolewe kabla ya kusaga. Chukua jiwe la duara lenye upana wa milimita 8, kitako kikiishia kwenye ncha kwa nyuzi 38. Kina cha kitako hicho ni takriban milimita 3.1. Kukipandisha hadi nyuzi 43 kunahitaji milimita 3.7, na jiwe haliwezi kuongezewa nyama. Kilichobaki ni kupunguza upana hadi karibu milimita 6.7, au kukipandisha kiuno ndani ya taji iwapo taji ni nene. Kwa maoni yangu, mikato mingi ya drafti inayouzwa kwa bei nafuu imechaguliwa kwa sababu hii hasa: malighafi ilikuwa bapa, mkataji alitaka kulinda uzito, na miraba ya juu ikatumika kuficha kitako kisichofanya kazi. Mkato wa drafti uliokusudiwa hasa una kitako kilichokamilika kama cha mkato mwingine wowote.

Dalili: jiwe ni jeusi ingawa malighafi ilikuwa na rangi nzuri

Hapa kuna vyanzo viwili vinavyofanana kwa macho na kutofautiana kwa tiba. Sogeza taa, kisha sogeza kichwa chako. Weusi unaohama kutoka faseti moja hadi nyingine ni kivuli cha mtazamaji mwenyewe: kitako kinarudisha taswira ya kichwa chako badala ya mwanga wa chumba, na dawa yake ni kugawanya faseti kubwa za kitako kuwa ndogo au kubadilisha pembe zake kwa nyuzi moja au mbili. Weusi usiohama na uliotanda sawasawa ni rangi ya jiwe lenyewe iliyozidi, kwa sababu mwanga umesafiri umbali mrefu ndani yake. Tsavoraiti ya Taita-Taveta au Merelani inayopendeza ikiwa ndogo inaweza kufungana kabisa ikikatwa kubwa kwa mchoro ule ule. Pembe hazikubadilika, njia ya mwanga ndiyo iliyorefuka. Hapo punguza kina cha taji, kata mawe mawili badala ya moja, au tumia faseti za mbonyeo kwenye kitako, ambazo hutawanya mwanga na kuvunja mabaka ya giza.

Tomalini ina tatizo lake. Mawe mengi ya kijani hunyonya mwanga kwa nguvu kando ya mhimili mrefu wa fuwele, kiasi kwamba ukilitazama fuwele kwa ncha linaonekana jeusi ingawa ubavuni ni kijani safi. Mkato wa fito au wa ngazi uliolazwa kufuata urefu wa fuwele huleta weusi huo ndani ya jiwe kupitia faseti za ncha zote mbili. Dawa yake ni kuzisimamisha faseti za kitako zilizo kwenye ncha hadi nyuzi 70 au zaidi, ili zisirudishe rangi ya mhimili huo kwenye meza. Jiwe litapoteza cheche kidogo kwenye ncha, nayo ni bei ndogo ya kulipa.

Dalili: faseti za mbonyeo zina mawimbi, ukungu, au zinavuja mwanga

Faseti ya mbonyeo haikatwi kwa diski bapa bali kwa fimbo ya mviringo inayozunguka, iitwayo mandreli, huku jiwe likisogezwa mbele na nyuma kufuata urefu wake. Hatua mbili za kwanza za utatuzi ni kujua kipenyo cha mandreli na mwelekeo wa mfereji.

Kipenyo kwanza. Faseti yenye upana wa milimita 2 iliyokatwa kwa mandreli ya kipenyo cha milimita 10 ina kina cha milimita 0.1 katikati, na kingo zake zimegeuka nyuzi 11.5 kutoka uelekeo wa katikati. Kwa mandreli ya milimita 25 kina ni 0.04 na mgeuko ni nyuzi 4.6. Kadiri mandreli inavyokuwa nyembamba ndivyo mwanga unavyotawanyika zaidi na ndivyo kingo kati ya faseti mbili zinavyokuwa kali na rahisi kumeguka. Jiwe lililomeguka kwenye kila mstari wa makutano kwa kawaida linalalamikia mandreli nyembamba mno, au kusagwa kwa unga wa kusagia wenye punje kubwa hadi mwisho badala ya kuacha sehemu ndogo ya kazi kwa unga laini.

Mwelekeo una uzito zaidi, na watu wengi hawaufikirii. Mfereji unaoteremka kutoka kiuno hadi ncha ya kitako haudhuru pembe: faseti ya nyuzi 42 iliyokatwa kwa mandreli ya milimita 10 huwa na nyuzi 42 katikati na takriban 43.3 kwenye kingo. Mwanga unapigwa kando, lakini hautoki nje. Mfereji uliolazwa, unaokatiza mteremko, una tabia tofauti kabisa. Faseti ile ile ya nyuzi 42 sasa inakuwa na kingo moja ya nyuzi 53.5 na nyingine ya nyuzi 30.5, na nyuzi 30.5 ziko chini ya pembe ya ukomo ya kila kito kilichotajwa hapo juu. Ukiona mistari myembamba ya uvujaji inayozunguka jiwe kwenye kitako cha mbonyeo, usipoteze muda kubadili pembe ya msingi. Angalia iwapo mifereji imelazwa, na kama ndivyo, tumia mandreli nene zaidi au igeuze mifereji ishuke.

Ukungu ndani ya mbonyeo, wakati kingo zinang'aa, unasema kwamba mandreli ya kung'arishia ni nene kuliko iliyokatia: inagusa kingo tu na kuupita mfereji wa katikati. Kinyume chake, katikati kung'aa na kingo kubaki na ukungu kunasema mandreli ya kung'arishia ni nyembamba, ama imekwisha kwa matumizi. Mandreli za mbao na plastiki huchakaa haraka, hivyo zipimwe kwa kalipa kabla ya kila jiwe. Mawimbi yanayovuka mfereji hutokana na mandreli isiyozunguka katikati barabara, na mikwaruzo mirefu inayofuata duara la mzunguko hutokana na jiwe kusimama mahali pamoja bila kusogezwa. Mfereji mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili ni ishara kwamba mhimili wa mandreli haukuwa sambamba na faseti bapa iliyotangulia. Hilo halirekebishiki kwa kung'arisha; faseti bapa zirudishwe kwanza, mashine ipangwe upya, kisha mbonyeo uanze tena.

Dalili: pembe za miraba au nyota hazikutani

Kabla ya kulaumu mkono, hesabu meno ya gia, gurudumu la mashine linaloligeuza jiwe kwa hatua zilizo sawa. Gia ya meno 96 inagawanyika kwa 3, 4, 6, 8, 12 na 16, lakini haigawanyiki kwa 5, 7 wala 9. Mchoro wa nyota ya pembe tano kwenye gia ya 96 unahitaji hatua ya meno 19.2, ambayo haipo, na kwa kuwa jino moja ni nyuzi 3.75, kukadiria kwa jicho hakuwezi kuokoa chochote. Pembe tano zinahitaji gia ya 80 au 120, pembe saba gia ya 77 au 84, na pembe tisa gia ya 72. Gia ya 64 nayo, ingawa inafaa kwa mikato ya pembe nne na nane, haiwezi kutoa pembetatu.

Gia ikiwa sahihi, tatizo la mkato wa drafti kwa kawaida liko juu kabisa ya taji, ambako faseti zimelala sana. Faseti ya nyuzi 40 inayokutana na meza ikizidishwa kina kwa milimita 0.02, mstari wa makutano husogea milimita 0.024, na hakuna atakayeona. Faseti ya nyuzi 6 ikizidishwa kiasi hicho hicho, mstari husogea karibu milimita 0.19, na safu nzima ya miraba inapinda. Kwa hiyo safu za juu zisikatwe kwa unga mkubwa kabisa. Zianzishwe kwa unga wa namba 1200 au 3000 (namba ikiwa kubwa, unga ni laini zaidi), kwa mguso mmoja mmoja na kukagua baada ya kila mguso, na sehemu ya mwisho ya safari iachiwe hatua ya kung'arisha, ambayo nayo hula jiwe.

Iwapo miraba inakutana upande mmoja wa jiwe na kuachana upande wa pili, chanzo kiko kwenye uhamisho. Jiwe lilipogeuzwa kutoka kitako kwenda taji liliinama kwenye dopu mpya, yaani kijiti kinacholishikilia, au gundi ilikauka likiwa limezunguka kidogo. Kuzunguka hurekebishwa kwa skrubu ya mashine inayoongeza sehemu ya jino. Kuinama hakurekebishwi vizuri kwa njia hiyo. Litoe, safisha dopu, ligandishe upya.

Dalili: tanzanaiti imebanduka au imepasuka

Tanzanaiti ina mpasuko wa asili, yaani bapa ambalo fuwele hupasuka kwa urahisi, ulio kamili katika uelekeo mmoja, na ugumu wake ni kati ya 6 na 7 tu kwa kipimo cha Mohs. Faseti iliyoangukia karibu sambamba na uelekeo huo haing'ari: hubanduka vipande vyembamba, na kadiri unavyobonyeza ndivyo inavyozidi. Katika mkato wa kawaida ni faseti chache tu zinazoweza kuangukia humo. Katika mkato wa Kireno, wenye safu nyingi kwa pembe nyingi, uwezekano unaongezeka kwa kila safu. Tafuta uelekeo wa mpasuko kwenye malighafi, kwa kawaida huonekana kama nyufa ndogo bapa zenye mng'ao wa lulu, na upange jiwe kwenye dopu ili hakuna faseti iliyo ndani ya nyuzi 5 hadi 10 kutoka huko. Topazi hupangwa kwa kanuni ile ile.

Upangaji huo hugongana na rangi, kwa sababu tanzanaiti huonyesha bluu upande mmoja na zambarau upande mwingine, na mara nyingi kuifuata bluu kunapoteza uzito. Vikigongana vitatu, rangi, uzito na mpasuko, mimi ningeanza kuusikiliza mpasuko.

Kupasuka kwa ghafla, bila faseti kubanduka, huletwa na joto. Gundi baridi ya epoksi ni salama kuliko nta inayoyeyushwa kwa moto, na jiwe lililotoka kwenye nta lisiguswe na maji kabla halijapoa lenyewe. Kama malighafi bado ni ya kahawia na itachomwa kwa nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi ili ipate bluu, ichomwe baada ya kuumbwa umbo la awali na kabla ya faseti, ili nyufa zitakazofunguka kwenye tanuri zionekane wakati bado kuna nyama ya kuziondoa.

Dalili: mikwaruzo isiyoisha

Geuza mwelekeo wa kung'arisha kwa nyuzi 90. Mikwaruzo ikigeuka nayo, inatoka kwenye diski: kuna punje ngeni, na diski ioshwe au isuguliwe upya. Isipogeuka, ni mabaki ya hatua iliyopita, na hakuna kiasi cha kung'arisha kitakachoyaondoa. Rudi namba 1200 au 3000. Kwatzi hupokea vizuri oksidi ya seriamu, tanzanaiti oksidi ya alumini au almasi laini, na safaya almasi. Faseti moja ya safaya ya Umba ikikataa kung'aa huku jirani zake zimekubali, uelekeo huo wa fuwele ni mgumu zaidi, na mara nyingi hukubali jiwe likisogezwa kinyume na mzunguko wa diski.

Mikato ya fantasia, waridi na tone

Bernd Munsteiner wa Ujerumani, aliyeufanya mkato wa fantasia ujulikane, alichonga akwamarini ya Brazili iitwayo Dom Pedro yenye karati 10,363, ambayo sasa iko Taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Mchoro wake wote umechongwa upande wa nyuma, na mtazamaji wa mbele huona nyota zinazoonekana kuelea. Anayeiga mtindo huo hulalamika zaidi kuwa mifereji inaonekana kijivu. Mfereji uliokusudiwa kung'aa upitishiwe hatua zote za unga kwa zana yenye umbo la mfereji wenyewe, na ule uliokusudiwa kubaki na ukungu uwe na ukungu sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mifereji iliyofika karibu na kiuno hudhoofisha jiwe mahali ambapo sonara atalibana.

Jiwe la tone, au brioleti, likipasuka kwenye tundu, limetobolewa baada ya kukatwa na kutoka upande mmoja. Tundu litangulie, litobolewe kutoka pande zote mbili ndani ya maji, na zana itolewe mara kwa mara.

Mteja anayelalamika kwamba mkato wa waridi unavuja mwanga anasema kweli, lakini hapo hakuna cha kurekebisha. Kitako chake ni bapa kwa maumbile ya mkato wenyewe. Mng'ao wake hutoka juu ya uso, na mafundi wa zamani waliweka karatasi ya metali nyuma yake ili kuurudisha mwanga uliopita. Ung'arishe upande wa chini kwa uangalifu ule ule wa juu, na umweleze mteja hivyo kabla hajalipa.